Nafaka Nzima Hutaka Muda, Si Moto Mkali

SAFU YA JIKONI
Na Zuhura Mbwambo

Nafaka nzima ni ile iliyobaki na sehemu zake zote tatu: ganda linalotoa pumba, kiini kinachoota mche, na wanga uliojaa katikati. Mashine ya kukoboa huondoa pumba na kiini, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini B na madini ya chuma. Hiyo ndiyo tofauti ya dona na sembe. Wapishi wengi huikwepa nafaka isiyokobolewa wakisema inamaliza kuni na mkaa. Lawama hiyo haistahili, kwani kinachomaliza kuni ni namna ya kupika.

Kazi huanza kwenye ungo. Nafaka hupepetwa, kisha punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu huondolewa. Hatua hii isirukwe, kwa kuwa kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Kuchambua hupunguza hatari, lakini kinga ya kwanza ni kukausha vizuri na kuhifadhi pakavu.

Inayofuata ni kuloweka usiku kucha. Mahindi makavu yasiyolowekwa huweza kukaa motoni saa tatu au zaidi, kwa sababu muda mwingi wa mwanzo hupotea yakiwa bado yananyonya maji. Maji hayo yangeingia usiku bila kugharimu hata kijiti kimoja. Wapo wanaotia magadi ili ganda lilainike upesi. Hulainika kweli, ila magadi huharibu vitamini B1, na yakizidi chakula hupata ladha ya sabuni. Nafaka iliyolala majini haiyahitaji.

Kosa kubwa hutokea motoni. Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 hivi. Yakishachemka, kuongeza kuni hakuyapandishi joto. Huongeza mvuke tu. Kwa hiyo moto uwe mkali mpaka sufuria ichemke, kisha kuni zivutwe nje ya mafiga, yabaki makaa na kijinga kimoja, na kifuniko kikae mahali pake. Dalili ya moto unaofaa ni viputo vidogo vinavyopanda polepole pembeni mwa sufuria bila kifuniko kurukaruka. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana makande huko huchelewa kuiva kuliko Tanga.

Mtama au ngano ikishatokota nusu saa, sufuria yenye kifuniko inaweza kuepuliwa na kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au nyasi kavu, ikafunikwa gubigubi. Nafaka huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kabla ya kupakua, chakula kichemshwe tena. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri mpaka nafaka na maharage vilainike, kwa kuwa uchachu huchelewesha kuiva.

Kipimo cha kuiva kimo vidoleni. Punje huminywa kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikipasuka na kuonyesha kitone cheupe kikavu katikati, bado. Ikiminyika yote kwa ulaini uleule, imeiva.

Anayejifunza aanze na kikombe kimoja cha mtama kwa vikombe vitatu vya maji, na kila anapopika abadilishe jambo moja tu: muda wa kuloweka, kiasi cha maji au ukali wa moto. Akibadilisha yote kwa pamoja hatajua lipi lilisaidia. Mtama ulioiva hupokea vizuri tui la nazi na kunde. Ngano ya punje hufaa boko boko, inayopikwa na nyama na kupondwa mpaka ishikane, kama wafanyavyo Zanzibar, Mombasa na Oman.

Faida ya nafaka nzima haiishii mezani. Mtama na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi, na ndiyo mazao yanayoifaa mikoa kama Dodoma na Singida. Mkulima wa huko atapata soko la uhakika pale nyumba nyingi zitakapojua kuyapika bila kuteketeza kuni.