Je, Shibe Hulinda Ini?

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule niseme machache juu ya pombe, jambo ambalo sisi wanafunzi hulisema bwenini kwa kunong'ona, na wakubwa wetu hulisema kwa kutisha. Sikusudii kuhubiri. Nataka kupima maneno mawili tu, yasikikayo kila Jumamosi wenzetu wachache watorokapo kwenda kunywa kijijini.

Neno la kwanza ni hili: "Pombe haimdhuru aliyeshiba. Kula nyama na supu, kisha unywe utakavyo." La pili ni hili: "Damu ya ujana ina nguvu. Kijana hunywa leo, kesho huamka mzima."

Neno la kwanza si la wajinga peke yao. Zamani hata madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walidhani ya kuwa ini la mlevi huharibika kwa sababu mlevi hali chakula cha kutosha, wala si kwa sababu ya pombe yenyewe. Basi jambo hilo likapimwa kwa nyani. Huko New York, Marekani, Daktari Charles Lieber na wenzake waliwalisha nyani chakula kamili, chenye kila kitu kiutakiwacho na mwili, ila nusu ya nguvu ya chakula hicho ilitoka katika alkoholi. Nyani wengine walipewa chakula kama hicho, lakini mahali pa alkoholi pakatiwa wanga. Matokeo yalitangazwa mwaka 1974. Maini ya nyani wa pombe yalijaa mafuta. Baadhi yao wakapata uvimbe wa ini, na wengine, katika muda usiozidi miaka 4, maini yao yakawa magumu yenye makovu, ugonjwa uitwao sirosisi. Shibe haikuwalinda.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Ini ndilo lenye kazi kubwa ya kuivunja pombe mwilini, na katika kuivunja hutokea sumu iitwayo asetaldehidi, ambayo huziumiza chembe za ini lenyewe. Ni kweli kwamba chakula tumboni huichelewesha pombe kuingia katika damu, ndiyo maana aliyeshiba hukawia kulewa. Lakini kukawia si kuepuka. Pombe itafika kwenye ini, ikiwa haikufika upesi itafika polepole.

Juu ya neno la pili, mwaka 2000 Fulton Crews na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walitangaza habari za panya walionyweshwa alkoholi nyingi kwa siku 4. Wengine walikuwa panya wazima, na wengine panya wa umri wa kubalehe. Ubongo wa wote uliumia, lakini panya vijana waliumia katika sehemu za mbele za ubongo ambazo kwa wakubwa zilisalimika. Kwa binadamu, sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo itusaidiayo kufikiri kabla ya kutenda, nayo kwa mtu wa miaka 17 bado haijakomaa. Basi ujana si ngao.

Najua mtu atasema, "Panya si mtu, na wanyama hao walinyweshwa kupita kiasi." Nakubali kwamba panya peke yake hatoshi kuwa shahidi. Lakini hatua zile tatu za ini la nyani, yaani mafuta, uvimbe, kisha makovu, ndizo madaktari wazionazo katika maini ya walevi. Na kuhusu kiasi, watorokao usiku hawaendi kunywa kijiko kimoja.

Muhula uliopita wenzetu wawili walirudishwa makwao kwa kosa hili. Adhabu hiyo ilikuwa ya haki, lakini waliobaki hawakujifunza kitu ila namna bora ya kujificha. Kwa hiyo nawaomba walimu wetu, pamoja na adhabu, watufundishe sababu. Kipindi kimoja cha Bayolojia juu ya ini na pombe, kila muhula, kingetosha kuanzia. Nanyi wazazi wetu, siku ya sherehe msimpe mtoto kikombe kwa kusema kwamba amekwisha kula, hakitamdhuru.

Nyani na panya wale hawakuulizwa kama wanataka kunywa. Walifungwa vizimbani, wakanyweshwa, wakafa, nasi tukapata elimu. Sisi hatukufungwa. Tukiijua habari yao kisha tukanywa, tutakuwa tumeyafanya kwa hiari yetu mambo ambayo wao walifanyiwa kwa nguvu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne