Gobore la Baba Nalo ni la Nyumba

Huku kwetu Kasulu wako waume ambao burudani yao ni gobore. Jumamosi baba hukaa uani akisafisha mtutu, mama akanuna jikoni. Nasi tulinuna hivyo, hadi siku tuliposogeza kopo la baruti karibu na meko bila kujua ni nini. Mungu alituhurumia.

Tangu hapo tuliketi naye, tukauliza. Baruti hutangulia mdomoni mwa mtutu, kisha kitambaa, halafu gololi, vyote vikashindiliwa kwa ufito. Fataki huwekwa mwisho, wakati wa kulenga. Basi gobore lililoondolewa fataki bado lina risasi ndani! Tulikubaliana: haliingii nyumbani likiwa limeshindiliwa, baruti na fataki vikae mbalimbali, mbali na moto na watoto.

Mama, uliza pia leseni. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inaitaka. Kama hana, mshauri kwa upole alisalimishe polisi. Ukiketi naye, atakusikiliza kuliko ukinuna. Mungu azilinde nyumba zenu.