Kabla ya Bunduki, Pigeni Hesabu ya Mzigo

Ndugu zangu mnaosoma Colorado, kila ikikaribia Oktoba wenzetu wa darasani hutualika kwenda milimani kuwinda kulungu na elki, yule kulungu mkubwa wa huku. Mimi nasema twendeni, ila mipango ianzie kwenye nyama, si kwenye bunduki.

Hesabu ni rahisi. Dume la elki huweza kupita kilo 300; ukishachuna na kutoa mifupa, si ajabu ubaki na kilo 80 za nyama. Gari likiwa kilomita 5 chini, nawe unabeba kilo 20 kila safari, unashuka mara nne na kupanda mara tatu. Hizo ni kilomita 35, kwenye mwinuko wa mita 3,000 ambako pumzi yenyewe ni ya kukopa. Hata aliyezoea kubeba boksi atasalimu amri! Na kuiacha nyama ioze porini ni kosa kisheria. Asiye na watu wa kubeba asipige mbali na barabara.

Halafu kuna makaratasi. Misitu ya serikali ni ya wote, lakini leseni ni lazima, na ya kulungu kwa kawaida ni ya bahati nasibu. Maombi ni mwanzoni mwa Aprili. Sisi wenye viza ya mwanafunzi, sheria ya Marekani inatukataza kumiliki au kushika bunduki, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mshkaji akikwambia "shika tu kidogo", kataa. Yeye yuko kwao. Wewe una viza na digrii ya kupoteza.