Kabla ya Kununua Lori, Panda Pikipiki

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei ya gunia la viazi, tenga la nyanya na kilo ya karoti. Wiki hii naomba niwapeleke kule bei hizo zinakoanzia, tena kwa pikipiki. Asiyependa habari za matembezi anivumilie kidogo, maana matembezi yenyewe yalikaribia kutuepusha na hasara, au kutunyima faida, kutegemea unamsikiliza nani kati yetu wanne.

Sisi wanne ni marafiki wa Tanga wa siku nyingi. Mmoja ananunua viazi na kabichi na kuuza kwa jumla soko la Mgandini. Wa pili ni fundi wa magari, wa tatu mwalimu mstaafu mwenye akiba yake, na wa nne ndiye mimi. Kwa miaka miwili tumekuwa tukiweka fedha pamoja kila mwezi, na tulikuwa tumefika mahali pa kununua Canter iliyotumika ili ibebe mboga kutoka Bumbuli hadi Tanga. Muuzaji alitaka arubuni Jumatatu. Ijumaa jioni, tukiwa kwenye kahawa, mwalimu akauliza swali ambalo kila mmoja wetu alipaswa kuliuliza mwaka mzima uliopita: nani kati yetu amewahi kupita barabara ya Soni hadi Korogwe kwa njia ya Bumbuli na Dindira? Mnunuzi wa viazi alikuwa ameipita mara moja, usiku, akiwa amelala kwenye basi.

Basi tukaamua kwenda. Mke wa fundi alituona tukikaza mizigo Jumamosi alfajiri, akasema watu wazima wenye wajukuu tunakwenda kuchezea pikipiki. Hakukosea sana. Pikipiki tatu zilikuwa za kawaida, sisi 125 na 150, zile zinazofanya kazi ya bodaboda katika kila kijiji. Ya nne ilikuwa ya mwalimu, mashine kubwa ya sisi 650 aliyouziwa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tanga ni mji wa baiskeli, na mtu akipita na mashine kama ile watoto humkimbilia.

Tuliondoka saa 12 asubuhi, tukapita Muheza, Segera na Korogwe. Sehemu hiyo ni lami tupu na sina la kusimulia, ila kwamba mabasi ya barabara kuu hayamjali mwenye magurudumu mawili na ni busara kumpisha kila anayekuja nyuma yako. Mombo tukanywa chai, tukaanza kupanda.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei, lakini katika kilomita hizo unapanda kama mita 1,000. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde lenye mto. Pikipiki yenye kabureta huanza kukosa pumzi kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa inapungua nayo petroli inabaki ile ile. Fundi wetu alitueleza hayo Soni huku akituonyesha maporomoko, na sijui ni kipi kilichomfurahisha zaidi. Hewa ilikuwa imebadilika. Tulikuwa tumeacha joto la Mombo tukiwa na mashati, tukafika Lushoto tunatafuta makoti. Ilikuwa mwezi wa Juni, ukungu umelalia msitu wa Magamba, na jioni tulikwenda Irente kuangalia tambarare ya chini, mashamba ya mkonge yakionekana kama mkeka uliotandikwa.

Sasa nirudi kwenye mambo yetu. Reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, ikaishia chini ya mlima na kuendelea zake Moshi. Haikupanda. Na kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikikata mbao kule Shume kabla ya Vita Kuu ya Kwanza haikushusha magogo kwa magari; iliyateremsha kwa kamba za chuma hadi Mkumbara, reli ilipo. Watu wenye mitaji mikubwa kuliko chama chetu cha wanne waliutazama mlima huu na kuamua kwamba gari kubwa lisubiri bondeni. Nililala na wazo hilo katika nyumba ya wageni yenye blanketi tatu kwa kila kitanda.

Jumapili saa 2 asubuhi tulikuwa Soni tukikata kona kuingia njia ya Bumbuli. Kutoka hapo hadi Korogwe kupitia Dindira ni zaidi ya kilomita 70. Katika daftari letu tulikuwa tumeandika saa mbili, tena kwa lori lenye mzigo. Siku tuliyopita sisi, sehemu kubwa ilikuwa udongo mwekundu, na manyunyu ya usiku yalikuwa yameugeuza sabuni.

Niseme ukweli kwamba sijaona njia nzuri kama ile. Inazunguka viuno vya milima, unatokea kwenye migomba, unaingia kwenye mahindi, mara unakuta bonde zima la chai limekatwa sawasawa kama kichwa kilichonyolewa. Watoto wanapunga mikono. Akina mama wanashuka na matita ya kuni, wanakusalimu kwanza kabla hujawasalimu, na unaona haya. Hakuna honi. Kila tulipozima injini tulisikia maji. Mwalimu alisema kama angejua kuna mahali kama hapa saa chache tu kutoka nyumbani kwake, asingengoja kustaafu.

Lakini mnunuzi wa viazi hakuwa akitazama milima. Alikuwa akihesabu kona, mpaka moja ikamwangusha. Aligusa breki ya mbele kwenye mteremko wenye tope, jambo ambalo fundi alimkataza tangu Mombo akimwambia ashuke kwa gia ndogo, na pikipiki ikamponyoka. Goti lilichubuka, na mkono wa breki ukapinda kama ndoano. Tulimsukuma hadi kijijini. Kijana mmoja mwenye boksi la spana chini ya mti alimfungia mkono mwingine uliotoka kwenye pikipiki kuukuu, kazi ya dakika ishirini, na malipo yake yalikuwa madogo hata tukamwongezea bila kuombwa. Kilomita chache mbele, waya wa klachi wa mashine ya mwalimu ukakatika. Hapo palikuwa na kazi. Hakuna kijiji katika milima ile chenye waya wa sisi 650, na fundi wetu alitumia saa nzima kuufanya waya wa pikipiki ndogo utoshe. Msomaji anayetaka kujua ni chombo gani cha kununua kwa biashara ya vijijini, jibu alikuwa nalo yule kijana chini ya mti: chombo ambacho spea yake imetapakaa kila mahali.

Baada ya hapo tukaikuta Canter. Ilikuwa imeegeshwa kabla ya kona moja ya mteremko, imejaa kabichi, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Dereva, mtu wa makamo, alikuwa amekaa pembeni na utingo wake wakila mahindi ya kuchoma. Tukampa shikamoo, akatukaribisha. Alikuwa hapo tangu alfajiri akisubiri barabara ikauke.

"Wazee wangu," alisema, "hapa mimi siendeshi kwa saa. Naendesha kwa jua."

Tulimuuliza anapiga safari ngapi kwa wiki. Kiangazi mbili, akijitahidi. Masika moja, na ziko wiki ambazo hakuna. Tukamwuliza kinachochelewesha ni barabara peke yake? Akacheka. Akatueleza kwamba kabichi haziko barabarani zikimsubiri. Ziko kwenye miteremko, kila mkulima na kipande chake, na zinakuja kichwani au juu ya bodaboda, viroba viwili viwili. Kujaza gari kunaweza kuchukua siku nzima, na za mwanzo zinaanza kunyauka za mwisho hazijafika. Springi anabadilisha mara kwa mara, na tairi haimalizi muda ulioandikwa katika hesabu ya mtu wa mjini. Wakati anasema hayo, bodaboda wawili walitupita wakishuka na viazi, wamefunga kwa mpira wa tyubu, wakakata kona ile ile ambayo Canter iliiogopa.

Mwalimu alitoa daftari. Tulikuwa tumekadiria safari tatu kwa wiki, yaani 12 kwa mwezi. Kwa maneno ya dereva zilikuwa sita au saba katika miezi mizuri, na nne au pungufu wakati wa mvua. Sehemu ya fedha ya gari ilikuwa itoke kwenye mkopo, na marejesho ya mkopo hayasubiri jua. Tulifika Korogwe saa 8 mchana. Ukiondoa kuanguka, waya na mazungumzo, mwendo wenyewe ulikuwa saa nne, kwa pikipiki nyepesi zisizo na mzigo.

Jumatatu arubuni haikutolewa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na naona ni haki niueleze upande wa mwenzangu kama ulivyo. Mnunuzi wa viazi, na goti lake lililofungwa bandeji, bado anataka gari. Anasema sisi tumetishwa na tope. "Barabara ikiwa nzuri kila mtu atakuja na bei ya shambani itapanda. Faida iko humo humo kwenye tope." Anayesema hayo yumo sokoni kwa miaka mingi kuliko mimi niliyomo kwenye uandishi, na ni kweli kwamba kabichi inanunuliwa kwa bei ndogo Bumbuli kwa sababu kuitoa ni kazi.

Nakubaliana naye kuhusu faida. Ninachopinga ni chombo anachotaka kuifuatia. Faida ya tope inamwendea anayeweza kulivuka kwa gharama ndogo, na tuliyemwona akilivuka ni bodaboda. Mwenye Canter alikuwa amekaa anakula mahindi huku mali ikinyauka. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipotambua pikipiki kama chombo cha biashara ya usafirishaji, vyombo hivi vimefika vijiji ambavyo zamani pikipiki ilikuwa ya bwana shamba na padri tu. Usafiri wa kutoka shambani hadi barabarani umeshapata wenyewe, na wanaujua kuliko sisi. Malori ya kutoka barabarani hadi mjini nayo yapo ya kukodi, na mengine yanarudi nusu tupu.

Pengo niliyoiona mimi iko katikati. Hakuna mahali penye paa pa kukusanyia mali ili gari lijazwe kwa saa mbili badala ya siku nzima. Hakuna mizani. Viazi vinafungwa lumbesa, gunia limevimba na kuvishwa kofia juu, ingawa sheria ya vipimo inakataza na inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima anauza gunia, mnunuzi ananunua gunia na nusu, na anayenunua kwa haki hawezi kushindana naye. Banda, mizani na kijana mwaminifu wa kuandika daftari vinagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya Canter iliyotumika. Mtaji wetu ni mdogo, kwa hiyo ukae pale mzigo unaposhuka kichwani na kusubiri kupanda garini. Mnunuzi wa viazi anasema hiyo ni kazi ya ushirika, na ushirika tunaujua ulivyotufanyia. Hapo sina jibu la haraka.

Nilivyosema mwanzoni, hii ni habari ya matembezi pia, na baadhi ya wasomaji watauliza yaligharimu kiasi gani. Pikipiki yangu ya sisi 125 ilikunywa lita 9 kwa karibu kilomita 350 za kwenda na kurudi. Tulilala wawili wawili. Chakula kilikuwa wali, maharage na kabichi, kabichi kila mahali. Kwa wanne wetu jumla haikufikia hata sehemu ya kumi ya arubuni tuliyotaka kumpa muuzaji, na mwalimu ameiingiza katika daftari kama gharama ya biashara. Fundi alitaka iandikwe starehe. Tulipiga kura, mwalimu akashinda.

Anayetaka kuifuata njia ile aende kiangazi, aanzie Soni asubuhi, na asishuke gizani. Petroli ajaze Lushoto, maana huko mbele utaikuta kwenye chupa na kwa bei ya muuzaji. Tyubu, plagi na waya wa klachi avibebe mwenyewe, hasa mwenye mashine kubwa. Kofia ngumu isiwe ya kutundika kwenye usukani.

Fedha bado iko kwenye akaunti. Canter nayo, nasikia, imeshanunuliwa na mtu wa Muheza. Tumekubaliana kurudi mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, safari hii kwa upande wa Mlalo, na mnunuzi wa viazi ameahidi kufunga mizani nyuma ya pikipiki yake. Goti limepona, ila breki ya mbele bado anaigusa.