Mgeni akisema 'munganga', tumsikilize kwanza

Hivi karibuni nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katika kituo kimoja cha afya hapa Kigoma mjini. Mbele yangu alikuwa mama kijana, amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, na mtoto anachemka homa. Alikuwa ameshuka boti siku mbili nyuma akitokea Uvira, ng'ambo ya ziwa.

Muuguzi alimuuliza mtoto ameanza kuumwa lini na amepewa nini. Mama akajibu: "Siku tatu sasa. Nilimupeleka kwa munganga, akamupa dawa."

Watu wakacheka. Muuguzi akapandisha sauti: "Ndiyo maana watoto wanakufa! Mnaanza kwa waganga, mkishindwa ndiyo mnatuletea sisi." Mama akainamisha kichwa. Kila alichoulizwa baada ya hapo alijibu "ndiyo".

Msomaji wangu, kwa Kiswahili cha Uvira munganga ni daktari. Mganga wa kienyeji wao humwita mufumu. Mama yule alikuwa amefanya sawasawa kama tunavyowafundisha wazazi, kisha akagombezwa kwa ajili ya neno. Na hata sisi kiongozi wa kituo cha afya tunamwita mganga mfawidhi!

Nilimfuata nje. Akatoa kwenye mkoba pakiti ya dawa za malaria, vidonge vimebaki nusu. Mtoto alikuwa akitapika ndani ya boti, akaacha kumpa. Tulirudi naye ndani, muuguzi akaiona pakiti, akamwambia, "Pole mama, sikukuelewa." Matibabu yakaanza upya.

Kwa nini pakiti ile ilikuwa muhimu? Kwanza, dozi ya malaria isiyomalizika huacha vimelea mwilini, na ugonjwa hurudi. Pili, kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa hata kwa mtu aliyekwisha pona. Mhudumu asiyejua dawa iliyotangulia anaweza kutibu malaria ambayo haipo, huku homa ikitoka kwenye mapafu au sehemu nyingine.

Simlaumu muuguzi peke yake. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa mmoja. Lakini nimeishi mji huu muda wa kutosha kujua anavyofikiri mgeni akigombezwa mara moja. Safari ijayo haji. Ataogopa kuchekwa lafudhi, ataogopa kuulizwa karatasi, atakwenda duka la dawa kununua vidonge vichache kulingana na sarafu aliyonayo. Akija kituoni, mtoto ameshalegea.

Kuna atakayesema wenyeji wenyewe hatutoshelezwi, wageni watatuongezea mzigo. Namwelewa, maana foleni ile na mimi nilikuwamo. Ila tukumbuke Mei 2015. Maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni mpakani, maji safi hayatoshi wala vyoo. Kipindupindu kikalipuka. Meli ya MV Liemba ilikuwa ikiwachukua kuwaleta Kigoma, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika. Katika wiki chache tu walihesabiwa wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Wawili kati ya waliokufa walikuwa Watanzania.

Kipindupindu hakiulizi uraia. Surua nayo haiulizi. Mtoto wa mgeni asiyechanjwa anacheza na wa kwako, na wote wanaoga ziwa moja.

Tena hapa kwetu mgeni ni nani? Wamanyema wa Ujiji asili yao ni ng'ambo, na leo Ujiji haisemeki bila wao. Hata David Livingstone, aliyekutwa Ujiji na Stanley mwaka 1871, alifika pale mgonjwa, amedhoofika, hana kitu.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Wewe mgeni, safiri na kadi ya kliniki ya mtoto na pakiti ya dawa aliyotumia, hata ikiwa tupu. Neno likikataa, pakiti itasema. Usikubali kitu usichokielewa, sema, "Sijaelewa, rudia." Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usisubiri kesho. Akiharisha, mpe maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, ukiwa njiani kuja kituoni.

Wewe mwenyeji, jirani yako mpya akiuguliwa, msindikize. Saa moja yako pale dirishani inaweza kumwokoa mtoto. Wanaozungumza Kiha wana bahati zaidi: wanaelewana na Warundi bila mkalimani. Na kwenye benchi, tusicheke.

Nanyi wahudumu wa afya, badala ya kuuliza "umempa nini?", semeni "nionyeshe dawa aliyokunywa." Mama akitaja munganga, muulize kama alimpima kwa kifaa, kama alimchoma sindano, kama alimwandikia karatasi. Ni nusu dakika tu. Suala la vibali lina ofisi yake; mezani kwenu aliyekuja ni mgonjwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama yule wa Uvira nilimwona tena sokoni Mwanga siku chache baadaye, mtoto mgongoni, anatafuna muwa. Aliniita "munganga", ingawa mimi si daktari. Nikaitika.