Ujuzi wa Askari Mstaafu Upimwe, Usipuuzwe

Miaka michache iliyopita tulimpokea chuoni mwanachuo mmoja aliyekuwa amemaliza utumishi wake jeshini. Alikuwa mwenyeji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na umri wake uliwazidi baadhi ya wakufunzi wake. Huko jeshini alikuwa amewafundisha kuruti kwa miaka mingi: kusoma ramani, huduma ya kwanza, na utunzaji wa vifaa. Sisi tulimkalisha pamoja na vijana waliotoka kidato cha sita, tukamweleza namna ya kusimama mbele ya darasa na namna ya kupaza sauti. Alisikiliza kwa adabu. Muhula wa pili hakurudi. Hatudai kwamba aliondoka kwa sababu hiyo pekee. Lakini ni dhahiri kwamba hatukumpa sababu ya kubaki.

Kosa lile lilikuwa letu. Kila mwanachuo hufundishwa kwamba mwalimu huanza na lile analolijua mwanafunzi, ndipo aendelee na asilolijua. Kanuni hiyo tunaihubiri kwa ajili ya mtoto wa darasa la kwanza, kisha tunaisahau mwanafunzi anapokuwa mtu mzima.

Mfano hauko mbali. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima yao mikali kwa ngoro tangu enzi za mababu. Mashimo yale hukinga maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko wa udongo, na majani yaliyofukiwa katika kingo zake huoza yakawa mbolea. Walioubuni ukulima huo hawakuwa na cheti, lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walifika kujifunza kwao. Elimu ni elimu hata kama haikupatikana darasani.

Taifa letu lina historia katika jambo hili. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana waliomaliza elimu ya msingi walipewa madarasa wafundishe huku wakijifunza ualimu, na kazi yao ya kila siku ikawa sehemu ya mafunzo yao. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, mgambo wengi wa vijijini waliingizwa jeshini. Walirudi makwao wakiwa na ujuzi mpya wa namna nyingi, na walio wengi hawakuulizwa wanajua nini. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, limewafunza vijana wengi kilimo, ufundi na uongozi. Mafunzo yake kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994 yakarejeshwa mwaka 2013, hata baadhi yenu mmeyapitia.

Leo VETA huwapima mafundi waliojifunza kazi nje ya mfumo rasmi, na wanaofaulu hupewa vyeti. Tume ya Vyuo Vikuu nayo ina utaratibu wa kuwapima watu wasio na sifa za kawaida ili waweze kujiunga na chuo kikuu. Hayo ni mema, lakini kumfungulia mtu mlango ni jambo moja, na kumhesabia safari aliyokwisha kuitembea ni jambo jingine. Huko Marekani, tangu miaka ya 1940 Baraza la Elimu la nchi hiyo limekuwa likichambua kozi za kijeshi na kuvishauri vyuo ni masomo yapi askari ahesabiwe.

Wapo watakaosema kwamba kuamrisha si kufundisha. Wanasema kweli. Kuruti hutii, mtoto huuliza, hulia, husinzia, na wakati mwingine amekuja shuleni bila kula. Askari aliyezoea kutiiwa anaweza kuliharibu darasa la pili kwa asubuhi moja. Lakini mkufunzi hodari wa jeshi hueleza, huonyesha, huwaacha wanafunzi waige, huwazoeza, kisha huwapima. Hatua hizo ndizo tunazowafundisha ninyi katika maandalio ya somo.

Kwa hiyo basi, hatuombi upendeleo; tunaomba kipimo. Kwanza, askari mstaafu alete kumbukumbu za kozi alizosoma na kufundisha. Pili, apimwe kwa vitendo: afundishe usomaji wa ramani katika darasa la tano, aonyeshe huduma ya kwanza, aandae zana kwa vitu vya mazingira. Tatu, asamehewe sehemu ile tu aliyoifaulu. Saikolojia ya mtoto, ufundishaji wa kusoma na kuandika kwa madarasa ya mwanzo, na mazoezi ya kufundisha shuleni asisamehewe kamwe. Uamuzi huo si wa mkufunzi mmoja. Ni wa Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani. Wajibu wetu ni kuwapelekea hoja na ushahidi.

Tukiulizwa kwa nini askari tu, wala si mvuvi wa Liuli au mkulima wa kahawa, tutajibu kwamba mafunzo ya jeshi yana saa, mitihani na kumbukumbu. Ni rahisi kuanzia hapo. Njia ikishazoeleka, wengine nao wataipita.

Nanyi wanachuo, msingoje waraka. Mtakapopangiwa shule za Mbamba Bay au Lituhi, mtamkuta mzee aliyewahi kuwa askari akiishi jirani na shule. Mwalikeni awaonyeshe watoto jinsi ya kusoma mistari ya ramani huku wakiitazama milima yenyewe, au jinsi ya kumhudumia aliyeopolewa majini. Mketi nyuma ya darasa, mwandike alichofanya vizuri na alichokosea. Maandishi hayo ndiyo yatakayokuwa ushahidi wetu. Yule aliyeondoka hatukumwandikia hata ukurasa mmoja.