Wacheni Kumsingizia Mtoto, Mzee Ndiye Alibomoa Nyumba

Nimechoka na hii stori. Ukitaja nasaba ya Sui ya Uchina, ile iliyoanza 581 na kuanguka 618, kila mtu anakupa hadithi moja: baba mzuri, mtoto shetani. Baba ni Yang Jian, yule mfalme Wen. Mchapakazi, mbahili kwa maana nzuri, na mwaka wa 589 akaunganisha Uchina iliyokuwa vipande vipande kwa karibu miaka mia tatu. Alafu anakuja kijana wake Yang Guang. Anadanganya wazazi, anamwangusha kaka yake mkubwa, anamuua baba, anachimba mifereji, anapeleka watu kufa vitani dhidi ya Goguryeo kule Korea mara tatu, nchi inalipuka. Basi. Kijana ameharibu kazi ya mzee.

Zii. Hebu tumwangalie huyo mzee vizuri.

Siku moja alijigamba mbele ya maafisa wake. Kwamba wafalme wa zamani waliharibikiwa na masuria, watoto wa mama huyu wakipigana na wa mama yule. Yeye ana wavulana watano, wote wa Malkia Dugu, kwa hivyo nyumba yake haina shida. Yaani buda alidhani tumbo moja ni bima. Na yeye mwenyewe kiti alikitoa wapi? Alimpokonya mtoto wa miaka kama saba, mfalme wa mwisho wa Zhou ya Kaskazini, ambaye mama yake wa kambo alikuwa binti ya huyo huyo Yang Jian. Hata mwaka haukuisha, mtoto akauawa, na wanaume wa ukoo wake wakamalizwa. Alafu unashangaa wavulana wako walijifunza wapi?

Mrithi wa kwanza alikuwa mkubwa wao, Yang Yong. Msee wa ukweli tu, hana maigizo. Alipenda vitu vizuri, alipamba hata deraya yake, na buda akakasirika juu yeye alikuwa wa kuhesabu kila senti. Alipenda mwanamke mmoja anayeitwa Yun kuliko mke aliyechaguliwa na wazazi. Huyo mke akafa ghafla mwaka wa 591, na Malkia akaamini kuna mkono wa mtu. Alafu siku ya sherehe ya majira ya baridi maafisa wakaenda kumsalimia, naye akawapokea na muziki. Hapo ndipo alichoma picha kabisa. Mzee aliona kama kijana ameanza kujiita mfalme.

Na mzee alifanya nini? Alianza kutoa walinzi wenye nguvu kwenye nyumba ya mrithi. Fikiria hilo. Umemtangaza kijana kuwa ndiye atakayekaa kwenye kiti chako, alafu unalala ukiogopa atakuua. Gao Jiong, waziri aliyemsaidia tangu mwanzo, alipinga. Akaambiwa anajitetea tu kwa sababu mtoto wake wa kiume ameoa binti ya Yang Yong. Mwaka wa 599 akafutwa kazi. Mtu mmoja aliyekuwa na uwezo wa kumwambia mfalme "hapana" akaenda nyumbani hivyo.

Sasa Yang Guang, mvulana wa pili. Hapa naongea kama mtu wa kontenti, kwa sababu hii kazi naijua. Wazazi wakija kumtembelea, warembo wote wanafichwa. Wanaobaki kuhudumu ni wazee na wenye sura za kawaida, wamevaa nguo zisizo na urembo. Ala za muziki zimeachwa na nyuzi zimekatika, vumbi juu yake, ndio ionekane huyu kijana hana starehe. Siku nyingine wako mawindoni, mvua inanyesha, analetewa koti la mvua. Anakataa, ati wanajeshi wote wamelowa, yeye avae vipi peke yake. Hiyo ni kiki safi. Vumbi, manze! Nani anakumbuka kuweka vumbi? Mimi nimewahi kupanga chumba saa tatu nzima ndio kionekane sijakipanga, kwa hivyo namheshimu kidogo.

Lakini swali langu si kwa nini aliigiza. Swali ni nani alitangaza kwamba kiti kinapatikana kwa kuigiza? Kama baba anampenda mtoto anayeonekana maskini, na mama anampenda mtoto anayeonekana na mke mmoja, basi utapata mtoto anayeonekana. Wazazi walipata walichoomba. Na wale wanaotaka kumtupia Malkia Dugu mzigo wote, pole. Alichochea, ndiyo, lakini muhuri ulikuwa wa mzee.

Mwaka wa 600 Yang Yong akavuliwa cheo, Yang Guang akawekwa. Huyo kaka alifungiwa, na anayemlinda ni nani? Mdogo wake aliyemwangusha! Aliomba kumwona baba, akazuiwa. Akapanda mti, akaanza kupiga kelele kuelekea jumba la mfalme ili mzee asikie. Yang Su, jenerali aliyekuwa kambi ya Yang Guang, akamwambia mfalme kijana ameingiwa na pepo, hatapona. Mzee akakubali. Mtoto wako wa kwanza yuko juu ya mti anakuita, na hata hushuki kwenda kumwangalia.

Mwaka wa 602 ikawa zamu ya wa nne, Yang Xiu. Vikapatikana vinyago vya uchawi vimezikwa chini ya mlima Hua, vimepigiliwa misumari, na jina la baba juu yake. Aliyevifukua? Yang Su, yule yule. Mzee akaamini tena. Wa tatu alishakufa kwa ugonjwa. Wa tano, Yang Liang, alikuwa na jeshi lake kaskazini, na baba alipofariki 604 akaasi, akapigwa, akafia kifungoni. Yang Yong aliuawa mwaka huo huo.

Alafu kuna ile sehemu ambayo kila mtu anapenda: ati Yang Guang alimshika suria wa baba kwa nguvu, mzee akiwa kitandani akataka kumrudisha Yang Yong, akauawa kabla hajafanya hivyo. Inawezekana. Lakini kitabu rasmi cha historia ya Sui kina vifo viwili. Kwenye maisha ya mfalme mwenyewe, anaaga maafisa wake, anawashika mikono, watu wanalia, anakufa kwa ugonjwa. Kwenye sura ya wake za wafalme ndiko unakuta ile stori nyingine. Na hicho kitabu kilikamilika 636, chini ya Li Shimin wa Tang. Unamjua Li Shimin? Mwaka wa 626 aliua ndugu zake wawili kwenye lango la Xuanwu, akamfanya baba yake aachie kiti. Wei Zheng, aliyesimamia kitabu, alikuwa mshauri wa mmoja wa hao waliouawa. Hao ndio wametuambia Yang Guang alikuwa mtoto mbaya. Sasa ungekuwa wewe ni Li Shimin, si ungetaka kuwe na mtoto mbaya kukuliko?

Simtetei Yang Guang. Alirudia kosa la baba yake, tena zaidi. Mrithi wake alifariki 606, na kwa miaka 12 hakumtangaza mwanawe mwingine, kwa sababu hakumwamini kijana wake wa pili, Prinsi wa Qi. Mwaka wa 618, huko Jiangdu, walinzi wake wenyewe walipoasi usiku, kitu cha kwanza alichomuuliza mke wake ni kama huyo kijana ndiye anafanya hivi. Na waasi walipofika kwa kijana, yeye alidhani ametumiwa wauaji na baba, akaomba wamwache, hajalikosea taifa. Wote wawili waliuawa na watu wale wale, kila mmoja akiamini ni mwenzake.

Wajukuu wakabaki kuchezewa na majenerali. Mmoja, Yang Tong, aliwekwa kuwa mfalme huko Luoyang akiwa tineja, na Wang Shichong akamvua kiti mwaka wa 619. Walipomletea sumu alimuomba Buddha asizaliwe tena kwenye nyumba ya mfalme. Sumu ikachelewa, wakamnyonga.